Ufunguo wa Banda la Kijani

Admin, jina langu lifiche, mtaa uache tu, Ipuli ni kubwa. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, fundi cherehani, na mume wangu ni seremala. Huu mwaka wa kumi na moja tuko kwenye ndoa, mtoto Mungu hajatupa. Wenye matusi tangulieni kabisa, ila nisomeni mpaka mwisho, maana nina jambo la kuamua kabla ya Jumapili na roho yangu imekuwa mbaya.

Mwaka juzi nilikuwa namshonea dada mmoja wa kigeni aliyekuja huku kwetu kwa utafiti wa nyuki. Alikuwa anafuga iguana. Kwa msiomjua, ni mjusi mkubwa wa kijani wa nchi za mbali. Ukimwona haraka utasema kenge, ila kenge anakula nyama na mayai, na huyu anakula majani tu. Muda wa yule dada ulipoisha akaniomba nimchukue. Sikukurupuka. Wiki tatu nzima nilikwenda kwake kujifunza anakula nini, anaogaje, na baridi ya mwezi wa sita ataihimilije. Akaniambia, "Anaweza kuishi miaka kumi na tano. Ukichoka njiani, atakufa." Mume wangu akasema basi tumchukue, nyumba ichangamke. Akamtengenezea banda la mninga lenye wavu wa chuma, refu kunizidi, na kufuli juu yake.

Nikamwita Kijani. Asubuhi namkatia matembele na maua ya maboga, saa nne namtoa juani, mchana namwekea beseni la maji. Baridi ikija namwashia balbu. Miezi miwili ya kwanza alikuwa ananichapa mkia mpaka machozi yananitoka. Nikavumilia. Mwezi wa tatu akapanda begani mwenyewe nikiwa nashona, akalala. Jamani, nililia. Toka siku hiyo kila asubuhi namwamkia Kinyamwezi, "Mwangaluka, Kijani," naye anainua kichwa.

Mwaka jana akaja wifi yangu, dada wa mume wangu, kutoka Ziba. Kagombana na mumewe. Hakuja na kitu zaidi ya nguo zake na kuku saba alioachiwa na marehemu mama yao. Nikampokea vizuri. Wiki haikuisha, maneno yakaanza. "Wenzio wanabeba watoto, wewe umebeba kenge." Siku moja, mbele ya wateja wangu, nilisema sisi kina mama tuna kazi. Wifi akadakia, "Ehe! Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo." Wakacheka wote. Gauni nililokuwa nashona siku ile nililikata vibaya, nikalilipa.

Mayai ya kuku wake yakaanza kupotea. Nikamwambia, wifi, huyu si kenge, hata ukimwekea yai hatalihangaikia. Akasema, "Kenge ni kenge tu, hata umvalishe kanga."

Mwezi wa nne nikaenda Lusu kumzika baba mdogo. Ufunguo wa banda nikamwachia mume wangu, akautundika msumarini. Baada ya siku tatu narudi, nakuta banda wazi na wifi kakaa anachambua maharage. "Katoroka," akasema, macho hakuinua. Jirani ndiye aliyeniita ukutani akanieleza: wifi yako kammwagia maji ya moto, akammalizia kwa mchi, akamtupa jalalani. Nikaenda mwenyewe. Nilimtambua kwa mkia. Nilimfunga kwenye kitenge nikamzika nyuma ya choo. Mume wangu akaniambia, "Mke wangu, yule ni mnyama tu. Dada yangu ni dada yangu. Yaishe."

Hayakuisha. Kwanza mayai yaliendelea kupotea. Siku moja adhuhuri nashona dirishani, nikamwona kenge. Kenge wa kweli, mweusi, mnene, anatoka chini ya rundo la mbao za mume wangu. Akaingia kwa kuku kupitia ubao uliobanduka, akatoka na yai mdomoni. Ningepiga kelele mara moja tu, angekimbia. Nikaendelea kukanyaga cherehani. Jioni nikifagia, nikausukuma ule ubao kwa mguu nafasi iongezeke. Naungama, nilifanya hivyo, na nilisikia raha.

Mayai yakaisha, wakafuata vifaranga, mwisho hata kuku wakubwa tukawa tunakuta manyoya. Wifi anasema Kijani amerudi kulipiza. Amekonda, akipita karibu na choo anasali. Mimi kimya. Sasa amebaki kuku mmoja ndani ya pakacha jikoni, analalia mayai kumi na moja, yanaanguliwa Jumapili. Juzi wifi akapiga magoti mlangoni kwangu, mtu aliyenizidi umri. "Wifi, nilikosa. Mwambie aniachie huyu mmoja, ndiye aliyebaki wa mama." Halafu akasema lililonimaliza: "Niazime lile banda lake. Ndilo pekee lisiloingilika."

Banda ni tupu. Bado naliosha kila Jumamosi, na kesho ndiyo siku yake. Ufunguo ninao, nimeufunga kwenye pindo la kanga. Nikimpa, vifaranga wa aliyemuua watalala alipolala Kijani. Nisipompa, kenge najua saa yake ya kutoka, na mlango wa jikoni haufungiki. Aliniita kenge kwa sababu sina mtoto. Haya, sasa mimi na kenge letu moja.

Mume wangu anasema niwe na utu. Leo Ijumaa. Nishaurini, wenzangu, nifungue lile kufuli au ninyamaze na cherehani yangu? Ila atakayeniambia nisamehe, aanze kwa kuniambia yeye jalalani aliwahi kumwokota nani.