Wali wa Kuku wa Kambini

Tangawizi na kitunguu saumu vikigusa mafuta ya moto kwa pamoja, hata kama ni nyumba ya jirani, mimi siwezi kukaa. Nitasimama, nitachungulia dirishani, nitakunja nguo ambazo zimeshakunjwa. Naishi Korogwe siku hizi, nyumba zetu zimebanana, na jioni harufu za majiko huingia bila kubisha hodi. Za nazi na maharage hazinifanyi kitu. Hiyo moja ndiyo hunirudisha Chanika, Handeni, uani kwetu, siku ambayo mama alitupikia chakula cha kambini.

Kambi ilikuwa ya Wachina waliokuwa wakijenga barabara ya lami. Mama alianza pale kwa kuosha masufuria, na nilipofika darasa la tatu alikuwa anapika bega kwa bega na mpishi wao, mzee ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa "leta" na "bado". Mama, mtu wa Mashewa, alikuwa mwepesi wa kushika mambo. Jioni alimwiga yule mzee mpaka baba akatokwa na machozi kwa kucheka. Bibi hakucheka. Bibi, mama yake baba, alikuwa Mzigua wa Kang'ata, mtu wa swala tano, na tangu mwanzo hakupenda mkwewe apikie watu asiojua wanakula nini.

Kipindi hicho lami ilikuwa imemalizika upande wetu, na malori yalipita kutwa yamebeba mabati na vitanda. Mimi niliyapungia mkono tu. Mama kila akisikia lori alinyanyua kichwa.

Siku hiyo alirudi mapema na kikapu chenye chupa mbili, akasema leo tusile kitu, anapika yeye. Akamwomba baba achinje jogoo palepale uani, Bibi akiona. Kuku wa kienyeji hana haraka ya kulainika, kwa hiyo alimchemsha kwanza. Kisha kwenye sufuria kubwa akakaanga tangawizi na saumu, akatia vipande vya kuku, akavigeuza mpaka vikawa vya kahawia, akamimina mchele wa Mombo, akafungua chupa ya kwanza na kunyunyizia maji meusi. Bibi, ambaye alijifanya anachambua mchicha, akasogeza mkeka wake karibu.

"Hayo ni nini, Mama Zuhura?"

"Soya, mama. Maharage yaliyotiwa chumvi."

"Pombe haimo?"

Mama akaeleza kwamba yule mzee hutia pombe ya mchele, lakini ile chupa yeye ameiacha hukohuko, na badala yake ametia ndimu. Bibi akasema hajawahi kuona pilau isiyo na bizari. Mama akasema hii si pilau. Akamimina supu ya kuku, na ilipokaribia kukauka akafunika, akapanga makaa juu ya mfuniko na kutukataza kuugusa.

Hapo ndipo tulipopata tabu. Chakula kizima kilikuwa ndani ya sufuria moja, hakuna mboga ya kukoroga, hakuna ugali wa kusonga, hakuna la kufanya. Mama akafuta kigoda, akaenda kwenye uzio, akarudi, akafuta kigoda kilekile. Baba akagongelea msumari kwenye kiti ambacho hakikuwa kibovu. Mimi nilizunguka jiko mpaka Bibi akasema namtia kizunguzungu, lakini hata yeye mchicha ulikuwa umeshakwisha na vidole vyake bado vinachambua.

Mama alipofunua, akadondoshea mafuta ya chupa ya pili. Bibi akanyanyua pua.

"Huu si ufuta?"

Ulikuwa ufuta. Bibi alikuwa amelima ufuta Kang'ata maisha yake yote, akauza kwa magunia, na hakuwahi kujua unakwendaga wapi. Akaomba ile chupa, akaishika kwa muda mrefu.

Tulikula kwenye sinia moja. Wali ulikuwa mweusi kidogo, unawaka tangawizi, na kuku alikuwa ameingia chumvi mpaka mfupani. Sinia likawa tupu. Ndipo mama akasema, akiangalia mkono wake, kwamba kambi inahamia mbali na wamemtaka aende nayo, awe mpishi kamili. Gari linaondoka kesho asubuhi. Baba alimwangalia mama yake.

Bibi akanawa taratibu, akafuta mkono kwenye kanga.

"Chakula hiki," akasema, "si cha kupikia watu wanne."

Nilikasirika. Nilidhani analalamikia ubadhirifu, nikasema kwa sauti kwamba mbona tumekimaliza chote. Mama akajifunika uso kwa kanga, akalia. Asubuhi akaondoka, nami nikabaki na uhakika kwamba Bibi amemfukuza.

Nilimnunia Bibi muda mrefu. Alinisuka nywele nikiwa nimekaza shingo. Aliniamsha kwenda shule, akanichemshia uji, nami nilimjibu kwa neno moja moja. Hakunigombeza, wala hakunieleza kitu.

Miaka ikapita, mama akarudi, akafungua mgahawa wake hapa Korogwe, na Bibi akafariki. Siku moja tukiwa tunaosha mchele, nilimwuliza mama aliwezaje kumsamehe. Akaacha kuosha. "Nimsamehe nini?" akaniuliza. "Baba yako alikuwa tayari kunikatalia, Bibi ndiye aliyeniruhusu. Aliposema chakula kile si cha watu wanne, alikuwa anasema kipaji changu ni kikubwa kuliko nyumba yetu. Mimi ndiye niliyetaka kwenda. Siku ile nililia kwa furaha."

Nikauliza kwa nini basi hakuna aliyeniambia.

"Nilitaka kukwambia nilipokuja Idi," mama akasema. "Bibi yako akanikataza. Akasema, mwache aninunie mimi, mimi nipo hapa, nitambembeleza. Akikununia wewe uliye mbali, nani atambembeleza?"