Bastola Aliyoisugua Mama

Juzi nikitoka kazini nilipita mbele ya duka la vitu vya kale, katikati ya Stockholm, nikaona bastola dirishani. Kando yake palikuwa na kikaratasi kilichotaja umri wake, zaidi ya karne moja, na kusema kwamba rangi yake ni ile ile ya asili. Mtu mwingine angepita tu. Mimi nilisimama pale, mtu mzima na mkoba wa ofisini begani, naogopa kipande cha chuma kilichofungiwa ndani ya kioo. Basi kaa nikueleze, maana hili sijawahi kumsimulia mtu.

Nilikuwa na miaka kumi. Mimi na mama tuliishi Norsborg, kituo cha mwisho cha treni ya laini nyekundu, ghorofa ya tano, watu wawili tu, Warundi tuliopitia kambi ya wakimbizi ya Kigoma. Ukiniuliza utoto wangu ulikuwaje nitakwambia ulinukia maharage na sabuni. Maharage yalichemka tangu asubuhi ya Jumamosi, dirisha likajaa mvuke, nami nikingoja kwenda kununua peremende, kwa sababu watoto wa Uswidi hula peremende Jumamosi na sikutaka kupitwa. Mama naye alisugua masufuria. Tena kwa majivu! Kila kiangazi, watu walipomaliza kuchoma nyama kule ziwani, yeye alibaki nyuma na kopo lake akizoa majivu kwenye jiko la mkaa, majirani wakimtazama. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini masufuria yetu, ndugu yangu, ungeweza kujitazama humo ukachana nywele.

Kazi ya mama ilikuwa kuwasaidia wazee majumbani mwao. Mmoja wao alikuwa mzee wa Hagsätra, mtu mpole, aliyempenda mama kwa sababu hakuwa na haraka. Mzee huyo alipokaribia kuhamia nyumba ya kutunzia wazee, alimpa mama kisanduku cha mbao, akamwambia ni ukumbusho. Kwa malezi ya mama, zawadi ya mzee haifunguliwi mbele yake wala haikataliwi. Unaipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Akakibeba kisanduku kwenye treni mbili mpaka nyumbani, akakifungua mezani. Ndani mlikuwa na bastola nyeusi, nzito, ile ya silinda yenye matundu sita inayozunguka.

Mama alifunga mapazia mchana kweupe. Kule tulikotoka aliona nyumba ya jirani ikipekuliwa, bunduki ikapatikana, na jirani hakuonekana tena. Na hapa tulikuwa na kibali cha kuishi cha muda tu, tukisubiri barua ya kuongezewa. Kila bahasha ilipodondoka kupitia tundu la mlango, mama alijishika kifua. "Wakiikuta hii," aliniambia, "wataturudisha." Aliamua kuirudisha kwa mwenyewe, lakini kabla hajafanya hivyo akaambiwa mzee amepelekwa hospitali na amefariki. Alibaki binti yake, mwanamke wa makamo.

Sasa sikiliza kosa ambalo ni mama yangu peke yake angeweza kulifanya. Mama hakuwahi kumrudishia mtu chombo kichafu. Hata bakuli la jirani lilirudi likiwa safi kuliko lilivyokuja. Basi akavaa aproni, akatoa kopo la majivu, ndimu na waya wa kusugulia, akaisugua bastola ile juu ya sinki. Weusi ulitoka ukaenda na maji, naye akadhani ni uchafu wa miaka mingi. Mimi nilikaa kwenye stuli nikisikiliza mkwaruzo ule, nimeziba sikio moja, nikingoja ilipuke. Ilipokauka iling'aa kama sufuria la sikukuu.

Binti wa mzee alitupokea katika nyumba ya baba yake, maboksi yamejaa sebuleni. Mimi nilikwenda kama mkalimani. Mimi ndiye niliyemsemea mama kila mahali, benki, shuleni, kwa daktari, na usidhani sikuwa naringa. Mama akafungua kisanduku. Yule binti akatazama, uso wake ukabadilika.

"Hii siyo ya baba," alisema. "Ya baba ilikuwa nyeusi yenye buluu, ya kale, haihitaji hata kibali. Hii mmeitoa wapi?" Kisha akauliza kama kuna mtu ameifanyia chochote, na akasema bila jibu atawaita polisi.

Nikamtafsiria mama. Akajibu bila kusita, "Mwambie nimeisugua mimi, kwa majivu. Niliona ni chafu. Niombee radhi."

Nikafungua kinywa. Niliwaza askari, nikawaza ndege ya kuturudisha, nikawaza lile begi tulilokuja nalo kutoka Kigoma. Nikasema kwa Kiswidi, "Mama anasema aliipokea hivi hivi."

Nilidhani namwokoa. Kumbe nilikuwa nimemtia kitanzi, kwa sababu kama aliipokea iking'aa, na ya marehemu ilikuwa nyeusi, basi mama ndiye aliyeibadilisha kwa nyingine. Binti wa mzee hakupiga simu. Alitupakia kwenye gari lake kwenda kwa rafiki wa baba yake, fundi wa silaha za kale. Njiani mama alinishika mkono, kiganja chake kimelowa jasho, akaninong'oneza kwamba tumeshasema kweli, hakuna wa kutufanya kitu.

Fundi alivaa miwani, akaizungusha silinda taratibu. Akatuonyesha kwamba matundu yale hayakutoboka mpaka nyuma. Baruti na risasi ya duara vilishindiliwa kwa mbele, kimoja baada ya kingine. Risasi za siku hizi haziingii humo. Ni ya kabla ya mwaka 1890, akasema, sheria haidai kibali. Herufi juu ya mtutu zilikuwa zimelika kingo, na mikwaruzo yote ilikuwa mipya. Kisha akafungua skrubu moja, akaondoa mbao za kishikio. Chini yake, mahali ambapo majivu hayakufika, chuma kilikuwa buluu iliyokoza, karibu nyeusi. Hiyo si rangi ya kupaka, alieleza, ni chuma chenyewe kilichobadilishwa kwa moto, na ile ya kiwandani ikishatoka haipatikani tena. Namba iliyogongwa hapo ilikuwa sawa na ya kwenye silinda, na yeye aliijua.

"Ni ya baba yako," akamwambia yule binti. "Imesuguliwa majuzi tu."

Mpaka hapo nilikuwa nimetafsiri kila neno. Binti wa mzee akamgeukia mama. "Kwa nini basi ulisema uliipokea hivi hivi?"

Hilo sikulitafsiri. Sikuweza. Mama alijua Kiswidi cha kununua mkate na kuomba samahani, lakini uso wangu aliujua vizuri zaidi. Alinitazama, nikaona anaelewa. Kisha akamtazama yule binti machoni na kusema polepole, "Det var jag. Jag ljög." Ni mimi. Nilidanganya.

Polisi hawakuitwa. Lakini msimamizi wa mama aliambiwa kwamba mfanyakazi wake ameharibu kitu cha mteja na kusema uongo, na kazi ikaishia hapo. Barua ya kibali ilikuja baada ya miezi, ikiwa na habari njema, ila mpaka ifike, kila bahasha ilipodondoka mimi ndiye niliyekimbilia mlangoni. Mama hakunipiga wala kunigombeza. Jioni ile alinipakulia maharage akasema, "Kula, mwanangu. Kuanzia kesho nitajisemea mwenyewe." Kesho yake akaenda kujiandikisha darasa la Kiswidi.

Watu wakizungumzia utoto hukumbuka nyumba na michezo. Mimi nakumbuka kusimama katikati ya mama na watu wakubwa, mkono wake begani mwangu, akiamini kila neno nililomsemea. Mahali pale sikupapata tena, na ni mimi niliyepapoteza.

Mwezi uliopita nilimpeleka hospitali. Daktari akauliza kama atahitaji mkalimani, au pengine mimi nitasaidia. Nilikuwa nimeshaanza kusema ndiyo. Mama akaweka mkono juu ya goti langu, akamjibu kwa Kiswidi safi, kwa upole kabisa, "Hapana. Binti yangu hatafsiri."