Jicho la Mgeni wa Ngazini

Fundi cherehani tunayemzungumzia ameshaua watu arobaini na watatu, na wote amewaua akiwa amevaa gauni lile lile. Hesabu hiyo ni ya binti yake, aliyekuwa akiwahesabu kwa vidole tangu utotoni. Ni kweli kwamba kila mmoja wao aliinuka, akajifuta rangi nyekundu shingoni na kwenda kula, lakini mtaani hilo halikumsaidia kitu. Jina lake watu wameshalisahau. Wanamwita Mgeni, kwa sababu ya zile filamu za kutisha za Mgeni wa Ngazini, ambazo kwa miaka ishirini na miwili mzuka wake amekuwa yeye. Mzazi akileta mtoto kupimwa sare ya shule, mtoto hung'ang'ania mlango mpaka utepe wa kupimia urudi mezani.

Wala si kwamba aliutafuta umaarufu huo. Filamu ya kwanza ilipigwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu mwenye kamera ya kuazima na maneno mengi. Mwigizaji aliyepangiwa kuwa mzuka alipoziona ngazi anazotakiwa kuzishuka kinyumenyume, kichwa chini, alikumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa nyumbani. Fundi alikuwepo pale kurekebisha pindo la gauni tu. Alipolijaribu, likamkaa. Mumewe, ambaye ndiye aliyetunga hadithi yenyewe, akamtazama, na yeye akapiga moyo konde akapanda ngazi.

Filamu ikapendwa, na ya pili ikapendwa zaidi. Ya tano na ya sita zilikuwa za kulazimisha. Ya saba ndiyo tusiiseme kabisa: mzuka anaingia ndani ya simu ya mkononi, na watazamaji wakavunjika mbavu mahali palipoandikwa kwamba wazimie. Hapo kila mwenye akili alijua mambo yamekwisha, isipokuwa kwamba filamu zenyewe zilikuwa na namna yake ya kukataa kwisha.

Namna hiyo ilikuwa jicho. Kila filamu ilimalizika vile vile: mzuka ameshindwa, amelazwa ndani ya jeneza, kamera inamsogelea usoni polepole, na wakati mtazamaji ameshaanza kutafuta viatu vyake gizani, jicho la kushoto linafunguka. Jicho likifunguka, ujue kuna filamu nyingine. Kulipiga picha kulikuwa na sharti moja, kwamba hakuna mtu wa kusema. Katika ile ya kwanza shemeji alipaza sauti, "Sasa!" Fundi akashtuka, akagonga paji la uso kwenye mfuniko mpaka akatoka nundu. Tangu siku hiyo ikawa sheria: jicho halihimizwi. Fundi hulifungua mwenyewe anapoona wakati wake umefika, na wengine wote huwa kimya kama maji mtungini.

Mumewe alifariki miaka mitatu iliyopita. Binti yao, aliyeolewa mji mwingine, akamtengea mama yake chumba chenye kitanda, meza ya cherehani na dirisha la kuingiza mwanga wa kutosha kutunga uzi. Kila alipopiga simu kuuliza mama atakuja lini, alijibiwa kwamba akishamaliza filamu. Kwani shemeji alikuwa akija kila wiki, anakaa kwenye kiti cha wateja na kusema kwamba ya nane iko njiani. Fundi alimhurumia. Mwanamume yule hakuwa na mke wala kazi nyingine, na marehemu, siku zake za mwisho hospitalini, alikuwa amemshika mkewe mkono na kumwambia asimwache mdogo wake peke yake. Mtu utasemaje hapana juu ya neno kama hilo? Kwa hiyo magoti yalikuwa yakimuuma, chumba kilikuwa kikimngoja, na yeye alibaki palepale akishona sare. Alitaka kwenda. Tuseme ukweli, alitaka kwenda kwa moyo wake wote.

Ya nane ikaja kweli. Aliyetoa pesa alikuwa mwenye duka la magodoro, kwa sharti kwamba magodoro yake yaonekane katika kila chumba cha kutisha. Wakakodi nyumba tupu yenye ngazi, wakaziba madirisha kwa mablanketi ili mchana ugeuke usiku, na kazi yote ikafanywa na watu watano. Waliouawa safari hii walikuwa wawili tu, tena mmoja wao ndiye aliyekuwa akishika taa. Betri ya kamera iliyokuwa bado inatunza chaji ilikuwa moja. Jeneza liliazimwa kwa seremala, nalo lilikuwa limeshapata mwenyewe, kwa hiyo seremala alikuja kusimama mlangoni siku ya mwisho na kuwakumbusha kwamba saa kumi jioni analichukua, liwe na mtu au halina.

Siku hiyo fundi alikuwa ameshuka ngazi mara nne tangu asubuhi. Mara ya nne alifika chini machozi yakimlengalenga, na mpiga picha akamsifu kwa kuigiza vizuri. Saa tisa na nusu wakamsaidia kuingia ndani ya jeneza. Mwenye duka hakutaka kupitwa hata humo, alikuwa ametandika godoro lake jipya la sponji, akaomba pembe yake moja ibaki nje kidogo ili nembo isomeke. Shemeji akainua mkono, kamera ikawashwa, nyumba nzima ikabana pumzi.

Fundi alifumba macho akiwa na uchungu. Aliwaza kwamba akilifungua jicho hili, ya tisa inaanza kesho, shemeji atarudi kukaa kwenye kile kiti, na binti ataambiwa asubiri. Akajiambia basi, atahesabu mpaka ishirini kama kawaida, kisha alifungue yaishe. Moja, mbili, tatu. Godoro lilikuwa laini, lazima tumpe mwenye duka haki yake. Magoti, ambayo tangu asubuhi yalikuwa yakipiga kelele, yakanyamaza. Kumi na moja alikumbuka kuihesabu. Kumi na mbili hakuikumbuka, kwa sababu alikuwa ameshalala usingizi wa pono.

Na nani wa kumwamsha? Sheria ni sheria. Wakasubiri. Mpiga picha akamtupia shemeji jicho, shemeji akatikisa kichwa. Seremala, ambaye hakuwahi kuona filamu ikipigwa, alidhani ndivyo kazi inavyofanywa, akavua kofia. Dakika zikapita, uso wa mzuka umetulia, midomo imelegea, mpaka taa nyekundu ya kamera ikazimika yenyewe. Betri ilikuwa imekata roho.

Fundi alizinduka kwa mkono begani. Alipoelewa kilichotokea alishikwa na aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akaomba radhi, akaanza kujinyoosha alale upya. Seremala, ambaye sasa alikuwa na huruma, akasema hata nusu saa zaidi anaweza kuvumilia. Mpiga picha akasema betri ikipewa chaji kidogo jicho moja halitaishinda. Wote wakamgeukia shemeji.

Shemeji aliichomeka kamera ukutani, akakigeuzia kioo chake jenezani, akamwonyesha. Fundi akajiona. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuuona uso ule umepumzika. Hata ile poda nyeupe ilionekana kama imempendeza.

"Turudie, shemeji?" aliuliza yule mwanamume, kwa sauti ndogo ambayo hakuizoea. "Sema wewe."

Fundi alimtazama. Alimwona mvi, alimwona alivyojishika kiuno, akaona kwamba hata yeye amekula chumvi nyingi.

"Usirudie," alisema. "Mwache alale."

Aliogopa baada ya kusema. Alitegemea kumwona akinyong'onyea. Badala yake shemeji aliketi sakafuni, mgongo akauegemeza kwenye jeneza la watu, akashusha pumzi ndefu mpaka seremala akasogea kumwangalia kama ni mzima.

"Kaka aliniambia nisikuache peke yako," alisema. "Siku zile za hospitali. Nikaona usipokuwa na filamu utakaa pale kwenye cherehani unakonda tu. Lakini mimi, shemeji, nimechoka tangu ile ya simu."

"Na mimi aliniambia hivyo hivyo," fundi akasema, "kuhusu wewe."

Walitazamana, kisha wakacheka mpaka poda ikapasuka mashavuni. Wakati huo mwenye duka alikuwa ameinama juu ya kamera anaangalia ile picha ya mwisho, akasema hawezi kutaka tangazo jingine, maana godoro lake limemlaza hata mzuka. Seremala akachukua jeneza lake saa kumi na dakika tano.

Fundi alivua gauni, akanawa uso, akampigia binti simu akiwa bado na weupe masikioni. Alimwambia filamu imekwisha.

Binti hakuuliza imekwendaje wala imeua wangapi. Alikuwa amekulia katika nyumba ile na alijua swali ni moja.

"Mama, jicho umefungua?"

"Sikufungua."

Upande wa pili palisikika kiti kikisogezwa, kisha binti akimwita mumewe, akimwambia atoe pasi na mabeseni kwenye kile chumba cha mama.