Wajina wa Shujaa

Fundi viatu alijivunia kuitwa jina moja na shujaa wa kale aliyefia vitani. Kibandani pake alitundika picha yake, na kila mteja aliambiwa, "Huyu wajina wangu!"

Siku alipokwenda kutafuta kitambulisho kipya, karani alipekua faili, akaguna. "Mzee, wewe ulikufa vitani."

"Huyo wajina wangu! Mimi si huyu hapa?"

"Lete shahidi."

Mkewe, aliyemsindikiza, akaangua kicheko. "Afe vitani, huyu? Jana mende kampandisha mezani, nikamuua mimi!"

Foleni nzima ikacheka. Karani akaandika "Yu hai", akagonga muhuri.

Fundi akainama dirishani, akanong'ona: "Mwanangu, anayetaka kubaki marehemu anajaza fomu gani?"