Kusimama Nyuma ya Rafiki

Mimi ni mtu wa maneno mengi, na sijawahi kulificha hilo. Nyumbani kwetu Mkuyuni baba alikuwa fundi cherehani, na mteja akija kubishana naye juu ya suruali iliyobana, baba alikuwa ananiita mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa nawashinda. Shuleni mimi ndiye niliyemwambia mwalimu wa zamu kwamba maharage yana wadudu, wenzangu wote wakiwa wameinamia sahani zao kama vile hawajaona kitu. Basi nikajiamini kwamba mimi ni mtu jasiri. Imani hiyo niliingia nayo kidato cha tano, nikaenda nayo mpaka kambini.

Kambi yenyewe ilikuja hivi. Kaka na dada zetu walikuwa wakimaliza kidato cha sita wanakwenda jeshini kwa mujibu wa sheria, mwaka mzima, wanarudi weusi, wakakamavu, wanakunja shuka mpaka unaogopa kulikalia. Sisi tulipokaribia zamu yetu mambo yalikuwa yamebadilika. Viwanda vilikuwa vinapunguza watu, kila siku redio inatangaza kitu kingine kilichobinafsishwa, na mitumba ilikuwa imejaa sokoni mpaka baba akawa anabana viuno vya suruali za Wazungu zaidi kuliko kushona nguo mpya. Ule mwaka wa jeshini nao ukasimamishwa. Likizo moja ya Juni, wanajeshi wakaandaa mafunzo ya wiki tatu, ya uraia na uongozi, kwa wanafunzi wachache kutoka shule za mkoa. Shuleni kwetu tulichaguliwa wawili: mimi na rafiki yangu.

Huyu rafiki, msichana mwenzangu, tulikaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Alikuwa mrefu, mkimya, mtu wa kufikiri kwanza ndipo aseme, na mimi nilikuwa nammalizia sentensi kabla hajafika katikati. Baba yake alikuwa mmoja wa waliopunguzwa kwenye kiwanda cha nguo. Kitu alichokitaka maishani kilikuwa kimoja, kuwa afisa wa jeshi. Aliniambia mimi peke yangu, kwa sababu kwao walishaamua kwamba atakuwa mwalimu, tena wa chekechea, eti ana upole.

Tulipiga kambi ufukweni mwa ziwa, mbele kidogo ya Nyegezi, mahali ambapo ardhi inashuka taratibu kutoka kwenye mawe makubwa mpaka majini. Tulikuwa sitini na kitu, wavulana wengi kuliko wasichana. Alfajiri tulikimbia mchakamchaka, kisha kwata, kisha uji, kisha darasa la uraia chini ya turubai. Kwata tulifundishwa na sajini mmoja mwenye sauti ya kukatia kuni. Uraia tulifundishwa na luteni, mwanamke, ambaye hakupandisha sauti hata mara moja na bado tulimwogopa zaidi. Siku ya kwanza sajini alipopita mbele ya safu kutukagua, binti mmoja wa upande wa Bujora alikunja magoti akamwambia, "Shikamoo afande." Kwao huwezi kumwangalia mtu mzima hivihivi ukiwa umesimama wima kama mlingoti. Sajini akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa upole kabisa, kisha akamwambia azunguke uwanja mara tatu mbio. Tulicheka sana. Mimi ndiye niliyeanza kucheka.

Mwisho wa wiki ya kwanza tukaambiwa tuchague kiongozi wetu wa kombania, kikosi chetu chote. Mkuu wa kambi alikuja mwenyewe kueleza. Kiongozi ndiye atakayeamrisha gwaride la kufunga mafunzo, ndiye atakayepanga fatiki, yaani kazi za kambi kama kuteka maji na kusugua masufuria. Halafu akasema neno lililomfanya rafiki yangu anishike mkono chini ya turubai. Mwanafunzi atakayemaliza akiwa kiongozi atapewa barua ya mkuu wa kambi, na barua hiyo itapelekwa kwa wanaochagua vijana wa kusomea uafisa.

"Nipendekeze," akaninong'oneza.

Alikuwa hajawahi kuniomba kitu. Nikasimama, nikampendekeza kwa hotuba ndefu mpaka sajini akanikatiza. Mvulana mmoja naye alipendekezwa, wa shule moja kubwa ya wavulana, mwenye kifua na sauti, kiongozi wa nyimbo za mchakamchaka, ambaye sajini alikuwa anamtania kwa kumwita jenerali. Na mwingine wa tatu akapendekezwa, ambaye alionekana kushangaa mwenyewe.

Sasa namna ya kuchagua. Sajini hakutaka makaratasi. Akasema tutachagua kama wazazi wetu walivyokuwa wakichagua viongozi wao huko vijijini, kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Wengi wetu tulishaona jambo hilo, mimi nililiona nikiwa mdogo, bibi yangu akiwa kwenye mstari na kanga yake ya kutokea. Wagombea watatu wakasimamishwa hatua chache kutoka majini, mguu sawa, nyuso zikitazama ziwa, migongo ikitutazama sisi. Ilikuwa marufuku kugeuka mpaka amri itolewe.

Filimbi ikalia. Nilikuwa wa kwanza kuondoka. Nikasimama nyuma ya rafiki yangu, nikamgusa bega, nikamwambia, "Nipo." Akaitikia kwa kichwa, kidogo tu, maana alikuwa mguu sawa.

Nyuma yangu wakaja watu wanane. Nyuma ya jenerali mstari ulikuwa umefika kwenye mawe na watu bado wanaongezeka, wanacheka, wanatuita. "Njooni huku nyie! Mnataka kusugua masufuria mpaka mwisho wa kambi?" Yeye jenerali hakutuona, alikuwa anatazama maji kama walivyoamriwa, lakini marafiki zake walituona vizuri, mmoja mmoja. Mmoja wao akanyoosha kidole akawa anatuhesabu kwa majina ya shule zetu. Sajini akaangalia saa yake akasema anatoa dakika moja, mwenye kutaka kubadilisha abadilishe, baada ya hapo anahesabu.

Hakuna aliyetutisha. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu kwa miaka mingi nilijaribu kumtupia sajini lawama na hazikumkaa. Watu walianza kuchomoka kwenye mstari wetu, wakitembea kwa haraka ya mtu aliyekumbuka kitu nyumbani. Wawili, kisha watatu, kisha wawili wengine. Kila aliyetoka alichekwa kidogo na kupigiwa makofi upande wa pili. Niliona kwamba kambi nzima itanijua kama yule mwenye hotuba aliyebaki na mgombea wake peke yao kama walioachwa na basi. Mimi niliyezoea kuchekesha watu, nilishindwa kabisa kuwa wa kuchekwa.

Nikaondoka. Nilitembea kwa vidole ili asisikie kokoto. Nilipokuwa katikati ya uwanja niligeuka mara moja, nikamwona yule binti wa Bujora, aliyekuwa nyuma yangu, akipiga hatua moja mbele kuziba nafasi niliyoiacha, kama tulivyofundishwa kwenye kwata. Alibaki yeye tu.

Sajini akahesabu mistari kwa sauti. Kisha akaamuru, "Wagombea! Nyuma geuka!"

Rafiki yangu aligeuka vizuri, kisigino kwa kisigino, na alikuwa anatabasamu. Alikuwa amekwisha kusikia idadi, anajua ameshindwa, anajua amebaki na mtu mmoja, na alikuwa anatabasamu kwa sababu alidhani anamjua mtu huyo ni nani. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mgongo wa mvulana mmoja mnene na bado niliiona sura yake ilivyobadilika. Hakunitafuta kwa macho. Akampa mkono yule binti wa Bujora, na yule binti, kwa mazoea, akakunja magoti kidogo.

Nilijiandaa kwa ugomvi. Kusema kweli niliutamani, kwa sababu kwenye ugomvi mimi ni hodari, ningejitetea, ningelia, tungeyamaliza. Hakunipa. Jioni ile aliniazima sabuni kama kawaida na akaniuliza kama nimeona ndala zake. Siku zilizofuata alinijibu kila nilipomuuliza, akacheka nilipochekesha. Ila aliacha kunisimulia mambo. Nilimuuliza usiku uliopita aliota nini, maana alikuwa na kawaida ya kunisimulia ndoto zake, akasema haoti siku hizi.

Jenerali alinipangia fatiki ya kufuta ubao wa darasa la uraia. Rafiki yangu na yule binti walipangiwa masufuria. Nilikuwa nawaona kila mchana wamechutama ufukweni, wanasugua kwa mchanga, wanaongea. Huyu mtu wangu mkimya alikuwa anaongea! Niliona wivu ambao sikuwa na haki nao hata kidogo. Siku moja nilimvizia yule binti peke yake nikamuuliza, kwa ukali nadhani, kwa nini alibaki pale wakati hata hakumfahamu mgombea. Akaniangalia kama vile nimemuuliza kwa nini anavaa nguo.

"Nilikuwa nimeshasimama pale," akasema. "Sasa ningeondokaje, na yeye yuko palepale?"

Wiki ya tatu jenerali akaharibu. Yeye na wenzake wawili walitoroka mchana, wakaenda stendi ya Nyegezi kwenye kibanda cha video, wakakutwa na sajini wamekaa benchi la mbele wanatazama mapigano, soda mkononi. Jioni hiyohiyo akavuliwa uongozi. Ikabidi tuchague upya, na safari hii luteni akasema uchaguzi ni somo lake. Nchi inakwenda kupiga kura ya vyama vingi, akasema, na ninyi wengine mtakuwa na umri wa kupiga, afadhali mjifunzie hapa. Akaleta katoni ya sabuni aliyoitoboa juu, akasimamisha hema dogo pembeni, ndani yake kuna kimeza na penseli iliyofungwa kwa uzi. Kila mtu aliingia peke yake. "Humu," alisema, "hakuna anayekuona. Wala mimi."

Wagombea walikuwa rafiki yangu na yule wa tatu wa siku ile. Zamu yangu ilipofika niliingia, nikaandika jina la rafiki yangu kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika kidogo. Nilikaa mle ndani muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka luteni akakohoa nje. Nilijisikia nimetua mzigo. Nilitoka nikiwa na hakika kwamba nimemlipa.

Kura zilihesabiwa mbele yetu. Rafiki yangu alipata zaidi ya arobaini. Uwanja ulilipuka, wakambeba juu, walewale waliokuwa wamekimbilia mstari wa jenerali. Wote walimtaka tangu mwanzo, inaonekana. Walichokosa siku ile ni hilo hema, na mimi nilikosa kitu kingine zaidi ya hema, kwa sababu wao hawakuwa wamemgusa bega.

Nimeshapiga kura mara nyingi tangu siku hizo, na kila nikiingia nyuma ya kile kitambaa kinachomficha mpiga kura ninashukuru kwamba kipo. Watu waoga ni wengi na nchi inatuhitaji na sisi. Lakini sijawahi kutoka humo nikajisikia jasiri.

Jioni hiyo nilisubiri mpaka waliokuja kumpongeza waishe. Nikamkuta anaosha miguu majini, yuko peke yake.

"Mimi nilikupa kura," nikamwambia.

"Nashukuru," akasema. "Mmenipa wote. Tangu mchana nazungushwa kwenye mahema na sijakutana na aliyeninyima. Na wapo ishirini!" Akacheka, na hakukuwa na sumu katika kicheko kile.

"Mimi nilikupa kweli."

"Sijasema hukunipa."

Nikafungua mdomo. Nilitaka kumwambia juu ya karatasi iliyochanika, akamwombe luteni afungue katoni, aitafute, ataona. Kisha nikaona ujinga wa wazo hilo. Zilizochanika zingeweza kuwa kumi. Mtu yeyote angeweza kusema ile ni yake. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nasema kweli tupu na sikuwa na neno hata moja la kuongeza.

Akafuta miguu kwa kanga, akavaa viatu vyake vya kwata, akafunga kamba taratibu.

"Nashukuru, kweli," akarudia, kwa sauti ileile aliyowashukuru nayo wale wengine wote, halafu akapanda kuelekea kwenye mahema kumtafuta msaidizi wake, yule binti wa Bujora, wakapange fatiki za kesho.