Mapigo Matatu ya Marehemu

"Umeniua, kaka! Mara mia mbili nimekufa kwa hiari yangu, kwenye sakafu hii hii, na kila mara naamka najikung'uta vumbi. Leo umeniua bila ruhusa! Nimekufa, nimeoza, mifupa yangu imeshakuwa unga!"

Aliyekuwa anasema hivyo alikuwa amekaa chini, mgongo ameuegemeza kwenye kochi la mteja, damu inamtoka kichwani, inazunguka nyuma ya sikio, inaingia kwenye kola ya shati. Maiti mwenye mdomo kama ule sijapata kumwona. Kaka yake alikuwa amesimama juu yake, kijiti mkononi, anahema kama mtu aliyepanda ghorofa sita na mtungi wa gesi begani.

"Punguza maneno, mdogo wangu," kaka akasema. "Ni mchubuko tu."

"Mchubuko? Hapa mtu anaegesha baiskeli!"

Ngoja niwaeleze, maana ukianzia hapo utadhani sisi ni watu wa vurugu. Sisi ni watu wa televisheni.

Huyu aliyekaa chini ni fundi wa makochi. Sisi tunamwita Marehemu na anaitika. Wateja wageni huwa wanashtuka. Anakuja mtu anauliza, "Fundi yupo?" Mimi mwenye kibanda cha kufuli hapo mlangoni namjibu, "Marehemu katoka kidogo, anarudi sasa hivi." Wengine wameshawahi kuondoka na sijawaona tena.

Kazi yake anaijua. Atalichana kochi la zamani kwa kisu, atang'oa misumari kwa koleo, atatoa matumbo yake yote nje, springi, sponji, vitambaa vilivyooza, mpaka ukilitazama unalionea huruma. Kisha anajaza mdomo misumari midogo, anaitema mmoja mmoja kwenye nyundo, tap tap tap, na bado anabishana na wewe misumari ikiwa mdomoni. Kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kimepinda kama ile sindano yake ya kushonea. Hicho nitakifikia.

Kila Jumamosi saa kumi, makochi ya wateja ambayo hayajachukuliwa tunayakalia sisi, kuangalia kipindi cha Mzee Soksi. Ni kile kipindi cha zamani cha upelelezi, picha hazina rangi, tulikiangalia tukiwa wadogo kupitia madirisha ya wenye nazo, na sasa wanakirudia. Mpelelezi wake ana tabia ya kuvua viatu kabla hajaingia chumba chenye maiti. Anatembea na soksi, taratibu, anainama, ananyamaza. Soksi moja ina tundu kwenye kidole gumba. Tundu hilo tumelijadili miaka mitatu.

Basi kipindi kikiisha, sisi hatuendi nyumbani. Lazima tupime. Je, mtu anaweza kweli kufa vile? Tunasogeza meza, na fundi anauawa, siku nyingine hata mara mbili. Tumemnyonga kwa kamba ya pazia. Tumemzamisha kichwa kwenye beseni. Tumemsukuma kutoka kwenye ngazi. Siku moja tulimfungia kabatini kupima hewa inatosha dakika ngapi, na mimi, fundi kufuli mzima, nikachelewa kumfungulia kwa sababu nilikuwa sijamaliza hoja yangu. Alitoka wa bluu. Anajua kuanguka yule mtu! Anaanguka kama gunia, halafu mguu mmoja unatetemeka mwishoni, unasimama. Dada muuguzi wa zahanati, ambaye ameona wanaokufa kweli, anasema hajaona wanaojua kufa kama yeye. Akishakufa vizuri, tunampigia makofi, naye anainuka, anajikung'uta, anasema maneno yake yale yale: "Haya, nimefufuka. Nani kaniua?" Hapo kila mmoja anamtaja muuaji na sababu zake, na ubishi unaanza upya.

Siku moja nilimuuliza alijifunzia wapi kuanguka. Akanionyesha kile kidole.

Baba yao alikufa yeye akiwa na miaka sita. Kaka yake alikuwa na miaka kumi na tisa, ndiye akawa baba, na ubaba wenyewe aliuelewa kwa upande wa mkanda tu. Alimpiga kwa mkanda, kwa waya wa pasi, kwa ubao wa meza. Alimtumbukiza kichwa kwenye pipa la maji akamhesabia mpaka ishirini. Kidole alikibana na mlango, makusudi, kwa ajili ya glasi iliyovunjika. Mtoto akagundua kwamba kulia "kaka, basi" hakusaidii, lakini akianguka mapema, akalegea kabisa, mguu ukatetemeka kidogo, kaka anaogopa, anaacha. "Nilianza kufa nikiwa darasa la pili," akaniambia, na akacheka, misumari mdomoni. Majirani walikuwa wanasikia kelele. Walidhani ni ndugu wanacheza.

Baadaye kaka akaajiriwa askari jela, mahali ambapo kipaji chake hakikupotea. Kakaa huko miaka ishirini na sita. Katolewa kwa jambo la mfungwa mmoja na taya lake, sitaki kulieleza sana. Miezi minne iliyopita akaja na begi moja, hana kwake, na fundi akampa chumba cha nyuma, pale panapowekwa sponji. Tulimshangaa. Akatuambia mama yao kabla hajafa alimshika mkono, akamwambia, "Usimfukuze kaka yako. Lakini siku akikunyanyulia mkono tena, mfukuze, na mimi sitakulaumu." Fundi akaapa. Maneno hayo kaka naye anayajua, alikuwa amesimama mlangoni yaliposemwa.

Na kusema haki, kaka alikuwa amepoa. Anafagia. Anashika kitambaa upande wa pili kinapokatwa. Kwenye kipindi anakaa kochi la mwisho, hasemi. Ni fundi mwenyewe aliyesema, "Kaka, njoo uniue na wewe, ujisikie mwenyeji." Tukacheka mpaka tukakohoa. Basi akawa anamuua, kwa adabu sana, kama anambandika stempu.

Sasa Jumamosi hii kilikuwa kipindi cha fimbo. Mfanyabiashara mzee amekaa mezani, anapigwa na fimbo ya kutembelea, kutoka nyuma, pigo moja, upande wa kushoto wa kichwa. Anaanguka juu ya barua zake, hata neno halimtoki. Mzee Soksi anavua viatu, anazunguka, anasema: muuaji anatumia mkono wa kushoto. Anakamatwa mpwa wake.

Mimi nikakataa. Nikasema mtu wa mkono wa kulia anaweza kujigeuza.

"Wewe hata kufuli unafungua kwa kubahatisha," fundi akaniambia. "Tulia. Tupime."

Akatengeneza fimbo mwenyewe, maana sheria yetu ni kwamba anayekufa ndiye anayetengeneza silaha. Kipande cha mpini wa fagio, kwenye ncha akafunga donge la sponji ukubwa wa chungwa, akalishonea ngozi juu. Ukipigwa na lile donge, ni kama umebusiwa na mto. Akakaa mezani akajifanya anasoma barua. Kaka akasimama nyuma, kijiti mkono wa kulia.

"Kushoto, bwana!" nikapiga kelele. "Kama ni kupima, tupime kiukweli!" Nikamnyang'anya kijiti kulia, nikamtia kushoto.

Nilimtia kinyume. Sponji kwenye kiganja chake, mti mtupu juu. Sikuona. Nilikuwa nimeshageuka kumtazama dada muuguzi, nione kama amekubali hoja yangu.

Kaka akapiga. Mlio wake, nyie, haukuwa wa sponji. Fundi akatoa sauti, akasema, "Kaka, basi!" Kaka akapiga la pili. "Kaka, basi!" La tatu. Fundi akateleza kwenye kiti, akaanguka kama gunia, mguu ukatetemeka, ukasimama.

Na sisi tukapiga makofi.

Tulipiga makofi, ndiyo. Mimi nilipiga mluzi kabisa. Nilisema, "Leo kaongeza na maneno!" Dada muuguzi ndiye aliyeacha kwanza, akasema polepole, "Jamani, damu hii ya wapi?" maana kwenye vifo vyetu vyote mia mbili damu hatujawahi kuwa nayo.

Basi hapo ndipo fundi alipofumbua macho akaanza yale ya mifupa kuwa unga. Na alivyokuwa analalamika kwa ufundi namna ile, tukaona ah, mzima huyu. Tukapumua.

Dada muuguzi akapiga magoti, akagawa nywele kwa vidole. Akachukua kipande cha kitambaa cha kochi, akakandamiza.

"Moja," akasema. "Mbili. Tatu. Hii ya tatu inahitaji kushonwa."

"Nishone mimi mwenyewe," fundi akasema. "Sindano ninayo."

"Nyamaza, marehemu."

"Ni kosa langu," nikasema. "Mimi ndiye niliyempa kijiti kinyume."

Kaka akakitazama kijiti, kama ndiyo kwanza anakiona. Akabonyeza sponji. "Virungu vyetu vilikuwa na mpira kwenye mshikio," akasema. "Nilisikia laini, nikajua hapa ndipo pa kushika. Haki ya Mungu, mdogo wangu."

Nikaona kesi imekwisha. Pigo la kwanza ni langu mimi, kaka hana kosa, fundi ashonwe, tukanywe chai. Lakini unasahau kwamba tulikuwa watu tulioangalia upelelezi miaka mitatu. Hatuwezi kuacha kitu kikapita.

Fundi ndiye aliyeanza. Sauti ilikuwa imebadilika, ile mizaha imemtoka yote.

"Kipindi kina pigo moja," akasema.

Akanyoosha kidole kwenye televisheni.

"Mzee amepigwa moja, kaka. Sote tumeona. Wewe umepiga matatu."

"Mkono tu," kaka akasema. "Kazini ukipiga moja, mtu anakugeukia. Mkono umezoea."

"Nilisema basi."

"Ulisema."

Dada muuguzi akamtazama kaka. Ana macho yale ya kuuliza mgonjwa amekula nini. "Samahani, bwana," akasema. "Yule mzee wa kwenye kipindi hasemi kitu. Huyu kasema 'kaka, basi.' Alisema kabla ya la pili. Ulisikia au hukusikia?"

"Nyie mlisikia?" kaka akamgeuzia.

"Tulisikia."

"Mkapiga makofi."

Dada muuguzi akainamisha macho kwenye kile kitambaa. Kilikuwa kimelowa. Akatafuta kingine.

"Nakuuliza mimi sasa," fundi akasema. "Waache hao. Ulisikia?"

Kaka akakaa kwenye kochi, kijiti katikati ya magoti. Mtu mkubwa yule, mabega kama mlango. Kwenye televisheni walikuwa wanatangaza sabuni, mwanamke anaimba.

"Nilisikia," akasema. "Si ndivyo ulivyokuwa unasema siku zote?"

Fundi akamtazama. Akakikunja kile kidole chake kilichopinda ndani ya ngumi. Akashika mguu wa meza, akajivuta, akasimama. Dada muuguzi akataka kumsaidia, akamwondoa mkono, kwa upole. Akaenda ukutani pale anapotundika vitu vyake. Akatungua funguo za duka, akazishika, akazitazama. Tukadhani atamrushia kaka. Tukadhani atatoa begi. Akazirudisha kwenye msumari. Akachukua kofia badala yake, akataka kuivaa, akakumbuka kichwa, akabaki nayo mkononi.

"Mdogo wangu," kaka akasema. Hakuinuka. "Sema ile yako basi. Sema umefufuka."

Fundi akavua ndala zake pale mlangoni. Sijui kwa nini. Labda zilikuwa na damu, zinateleza. Akazishika mkono mmoja na kofia, mwingine ukashikilia kile kitambaa kichwani.

"Au niambie nibebe vitu vyangu," kaka akasema, sauti imepanda. "Nikae au nitoke? Nakusikiliza wewe. Kata neno nilisikie!"

Fundi akapita kwenye kibanda changu, peku, matone yakimfuata kwenye saruji, moja, halafu hatua mbili, moja, akaelekea upande wa zahanati, dada muuguzi nyuma yake anamkimbilia, na mimi nikabaki mlangoni, mkono kwenye kitasa, sijui nifunge au niache wazi, kaka ndani bado anauliza.