Nilimuua Mzee wa Filamu, Baba Akanyamaza

Sitafuti mtu wa kumtwika lawama. Nilikosa mimi, kwa rimoti yangu mwenyewe, na nimechoka kulibeba hili peke yangu.

Nilikuwa na kibanda cha video hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda. Diski nilizinunua Mbarara, kisha mimi mwenyewe nilishika maikrofoni na kutafsiri filamu kwa Kiswahili huku watu wakiangalia. Walinisifu. Kumbe sifa zinalevya, jamani!

Siku moja nilileta filamu ya mfululizo, ya vita vya zamani huko kwa wazungu. Mabomu, wapelelezi, madaraja kulipuliwa. Lakini kila sehemu ilianza na mzee mmoja ameketi jikoni, anamenya viazi, anawasimulia wajukuu wake aliyoyapitia. Sehemu ikiisha tunarudi kwake, anafuta kisu, anawaambia wakalale.

Baba yangu alikuja kwa ajili ya mzee huyo tu. Risasi zikianza, yeye anasinzia!

Tulikimbia kutoka Kivu ya Kusini, Kongo, nikiwa na miaka mitatu. Mama alifia njiani. Alizikwa wapi? Baba hakusema hata siku moja. Aliongea habari za mahindi na mbuzi, kanisani aliimba mpaka mwisho, lakini safari ile hakuigusa.

Basi baada ya sehemu ya kwanza, tukitembea kwenda nyumbani, akaanza. "Siye tulitoka asubui, mvua ilikuwa inanyesha." Nilishtuka! Ikawa hivyo kila Jumamosi: mzee wa filamu akisimulia kidogo, baba naye anasimulia kidogo. Baada ya sehemu ya tano akasema, "Posho ingine nitakuambia fasi tulimulaza mama yako." Yaani wiki ijayo angeniambia mahali walipomzika.

Mnajua nilifanya nini? Wateja walikuwa wanapiga miluzi, wanataka risasi tu. "Ruka ule muzee! Tunataka masasi!" Jumamosi iliyofuata nikabonyeza rimoti. Mwanzo nikauruka, mwisho nikaukata. Kibanda kizima kikashangilia, nami nikavimba kichwa.

Baba alinisubiri mlangoni. "Ule muzee aliendaka wapi?"

Koo lilikuwa limekauka kwa kutafsiri, watu wa filamu ya pili wananiita. Nikamjibu ovyo ili aniache. "Alikufa, papa."

"Mbele ya kumaliza kuambia batoto?"

"Ndiyo, kabla hajamaliza."

Akatikisa kichwa polepole, akashika njia peke yake. Jioni nilimuuliza habari za mama. Akasema mahindi yanataka palizi.

Nilikiri kwake, haki ya Mungu nilikiri! Nikamwambia nilidanganya, mzee yuko hai, njoo uone. "Acha tu, mutoto wangu," alisema. "Nilishachoka." Hakukanyaga tena kibandani. Homa ikamchukua kabla hatujavuna.

Baada ya mazishi nilikaa peke yangu nikaiangalia diski ya mwisho bila kuruka kitu. Mzee alimaliza hadithi yake yote, na wajukuu wake wakamsaidia kuosha sufuria. Nililia kama mtoto.

Kibanda nilikifunga. Ninyi mlio na wazazi wasiosema, siku wakifungua mdomo, zimeni kila kitu mkae chini. Wateja watangoja! Wanangu huniuliza bibi yao amelala wapi. Nawaambia njiani. Wanauliza njia gani.